Nilijitenga nitunge wimbo, nikaambulia wasiwasi. Je, utulivu unasaidia kweli?

"Mimi ni mtunzi wa nyimbo. Kwa miaka mingi nimetunga mbiombio, katikati ya kazi ya kuajiriwa, malezi na simu zisizokoma, na nyimbo zangu nyingi zilikamilika usiku wa kuamkia siku ya kurekodi. Kila ninayemwuliza ananiambia ubunifu unataka utulivu. Basi nikachukua likizo ya wiki 2, nikazima simu, nikakaa peke yangu kwenye nyumba isiyo na kelele hata kidogo. Nilikwenda na wimbo wenye beti 2 na kiitikio, nikitumaini kurudi na ubeti wa 3. Haukuja. Yaliyokuja ni madeni, ugomvi wa zamani na ndugu yangu, na hofu kwamba kipaji kimeniishia. Je, habari hii ya utulivu ni porojo tu, au mimi ndiye nisiyeweza kutulia? Nirudi tu kwenye pilikapilika zangu?"

Ndugu mtunzi,

Pole kwa wiki hizo 2. Kushinda ukingoja kitu kisichokuja, huku kila siku ukizidi kujiona umekwisha, kunachosha kuliko kazi yenyewe. Niruhusu nianze kwa kukuondolea hiyo hofu ya kuishiwa kipaji, maana hakuna chochote katika maelezo yako kinachoithibitisha. Ulichoeleza ndicho kinachowapata watu wengi sana wanapoachwa peke yao na mawazo yao.

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Timothy Wilson na wenzake walichapisha majaribio yao katika jarida la Science. Watu waliachwa chumbani kwa dakika 6 hadi 15, bila simu, bila kitabu, bila kazi yoyote ila kuwaza. Wengi hawakupenda. Katika jaribio moja waliwekewa kitufe ambacho ukikibonyeza kinakupiga shoti ya umeme, shoti ambayo kabla ya hapo walikuwa wameionja na kusema wangekuwa tayari kulipa pesa ili wasipigwe tena. Katika dakika 15, wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 walijipiga shoti hiyo wenyewe. Hao walikaa robo saa. Wewe ulikaa wiki 2. Usijilaumu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Utulivu husaidia ubunifu, hilo nalisema bila kusita. Ila wewe ulipata ukimya, na watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Nyumba inaweza kuwa kimya kabisa huku mwili wako ukiwa katika hali ya hatari: mapigo ya moyo yako juu, mabega yamekaza, akili inazunguka deni lilelile. Na kinyume chake kipo: mtu anaweza kuwa katikati ya kelele za watu, akikunja nguo, huku ndani yake pametulia kiasi cha kupata mstari mzuri. Unachokihitaji kwa kutunga ni hiyo hali ya ndani.

Kwa nini basi akili isiyo na kazi ilikimbilia madeni badala ya ubeti? Ubongo haupumziki pale unapoacha kuushughulisha. Una takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na matumizi hayo hubadilika kidogo tu unapotoka kwenye kukaa bure kwenda kwenye kazi ngumu. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walionyesha kwamba kuna maeneo ya ubongo yanayofanya kazi zaidi pale mtu anapokuwa hana jukumu mahususi mbele yake. Maeneo hayo hushirikiana kama mtandao mmoja, na tafiti zilizofuata zimeuhusisha mtandao huo na kukumbuka yaliyopita, kuwazia yajayo, kujifikiria nafsi na kuingia katika hisia za watu wengine.

Tazama orodha hiyo tena. Kukumbuka, kuwazia, kujiweka mahali pa mwingine: hiyo ndiyo malighafi ya wimbo. Lakini ndiyo hiyohiyo malighafi ya wasiwasi. Deni ni jambo la kesho unaloliwazia, ugomvi ni jambo la jana unalolikumbuka. Ulipoondoa shughuli zote kwa mpigo mmoja, uliupa mtandao huo nafasi kubwa kuliko uliyowahi kuupa kwa miaka mingi, nao ukashika kilichokuwa na uzito zaidi moyoni. Ubeti wa 3 haukuwa na nguvu ya kushindana na mdai wako.

Kuna jambo la pili, la mwili, na hili ndilo ambalo ningependa kila anayeshauri watu kuhusu utulivu alielewe. Mtu akihisi hatari, hata kama hatari yenyewe ni fikra tu, mwili humwaga adrenalini, na ubongo nao hutoa kwa wingi kemikali iitwayo noradrenalini. Ikiwa ya kiasi, inakuamsha na kukufanya makini. Ikizidi, sehemu ya mbele ya ubongo, ile tunayoitumia kushikilia mawazo kadhaa kwa pamoja na kuyapanga upya, hudhoofika, na umakini hubana kwenye kile kimoja kinachotisha. Ubana huo ni wa manufaa ukiwa unakimbia moto. Kwa kutunga ni kikwazo, kwa sababu kutunga kunataka vitu vilivyo mbali mbali vikutane.

Nikuonyeshe ubana huo kwa karibu. Lipo fumbo la mwanasaikolojia Karl Duncker, ambaye kazi yake ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1945. Unapewa mshumaa, kiberiti, na kisanduku kilichojaa pini za kubandikia karatasi. Unaambiwa: ubandike mshumaa huu ukutani uwake bila nta kudondokea mezani. Watu hujaribu kuuchoma mshumaa kwa pini, unapasuka. Huyeyusha ubavu wake waugandishe ukutani, unaanguka. Jibu ni kumwaga pini zote, kukibandika kisanduku ukutani, na kuusimamisha mshumaa juu yake. Kinachowakwamisha ni kwamba wanakiona kisanduku kama chombo cha pini, hawakioni kama kishikio.

Mwaka 1962 Sam Glucksberg alilichukua fumbo hili, akaliahidi kundi moja zawadi ya pesa kwa watakaowahi kumaliza. Waliopewa ahadi walichelewa kwa zaidi ya dakika 3 kuliko wale walioombwa tu wajaribu. Halafu akabadilisha kitu kimoja: akazitoa pini kisandukuni akaziweka kando, kisanduku kikiwa kitupu mbele ya macho. Safari hii njia ilikuwa wazi, na wenye ahadi ya pesa ndio waliowahi.

Hapo ndipo lilipo fumbo la nyimbo zako za usiku wa mwisho. Presha huharakisha kazi ambayo njia yake inaonekana: kupanga vina, kukata mstari mrefu, kuchagua kati ya maneno mawili, kuamua kwamba sasa basi, wimbo umekwisha. Kazi hiyo ni ya kweli, na usiku wa kuamkia kurekodi uliifanya vizuri. Lakini jaribu kukumbuka kwa uaminifu: mstari wa kwanza wa nyimbo hizo ulizaliwa usiku ule? Au ulikujia siku kadhaa kabla, ukioga, ukimsubiri mtoto, ukitembea kutoka kazini? Karibu kila mtunzi ninayemwuliza swali hili hunyamaza kidogo kisha huanza kutaja jikoni, bafuni na njiani. Pilikapilika zako zilikuwa na nyufa, na nyimbo ziliingilia humo. Likizoni uliondoa pilikapilika, ukaziondoa na nyufa zake pamoja.

Watafiti wa ubunifu wana jina la kinachotokea katika nyufa hizo: kuatamia. Graham Wallas alikitaja mwaka 1926 kama hatua ya 2 kati ya 4. Kwanza unajiandaa, yaani unalihangaikia tatizo kwa dhati. Kisha unaliacha, linaatamiwa. Kisha wazo linakuja. Mwisho unalipima kama linasimama. Wallas aliyachota haya kwa kiasi kikubwa kutoka kwa mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré, aliyesimulia mwaka 1908 jinsi alivyokuwa amehangaika na tatizo fulani la hisabati, akaenda matembezini na kulisahau, na pale alipokanyaga ngazi ya gari la abiria katika mji wa Coutances, jibu likamjia zima zima, wala hakukatisha mazungumzo aliyokuwa nayo. Watu hupenda kuisimulia habari hii kwa ajili ya ile ngazi. Mimi huisimulia kwa ajili ya majuma ya kazi yaliyoitangulia, na kwa ajili ya kilichofuata: alirudi nyumbani akaketi kuhakiki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya matokeo ya tafiti 117 kuhusu kuatamia. Picha ya jumla ni kwamba kuliacha tatizo kwa muda husaidia, na husaidia zaidi pale mtu alipolihangaikia kwa muda mrefu kabla ya kuliacha. Kwa mafumbo ya maneno, kazi nyepesi wakati wa mapumziko ilifaa kuliko kazi nzito, na ilifaa kuliko kukaa bure kabisa. Hilo la mwisho lisome mara mbili, kwa sababu wewe ulichagua kukaa bure kabisa.

Utafiti mwingine unaonukuliwa sana ni wa Benjamin Baird na wenzake wa mwaka 2012, ambapo waliopewa kazi rahisi ya kuchosha waliboresha majibu yao kuliko waliopumzika tu na kuliko waliopewa kazi ngumu, na tena kwa maswali waliyokuwa wameshayaanza, wala si kwa maswali mapya. Nakuambia pia kwamba baadhi ya majaribio yaliyofuata hayakuona faida hiyo ya akili kuzurura, kwa hiyo sijengi ushauri wangu juu ya utafiti huo mmoja. Ninachokitegemea ni kwamba mwelekeo wake unaafikiana na zile tafiti nyingi zilizojumlishwa.

Kuhusu kutembea ushahidi ni mzuri. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2014 kwamba watu hutoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakiketi, hata pale walipotembea juu ya mashine ndani ya chumba wakitazama ukuta mtupu. Kwa hiyo usidhani lazima pawe na mandhari nzuri. Na walioketi mara baada ya kutembea waliendelea kunufaika kwa muda. Ila kutembea hakukusaidia kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi, kwa hiyo kutafuta neno moja lenye kina unachokitaka ni kazi ya mezani.

Na kuna kipande kidogo kinachonifurahisha kila ninapokisimulia. Mwaka 2004 kundi la Mark Jung-Beeman na John Kounios lilipima umeme wa ubongo wa watu waliokuwa wakitatua mafumbo ya maneno. Takriban theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajasema "nimepata", palitokea mchomozo wa mawimbi ya kasi upande wa kulia wa ubongo, juu ya sikio. Lakini kabla ya hapo, sehemu ya nyuma inayopokea taarifa za macho ilikuwa imepunguza shughuli zake kwa kitambo, mithili ya mtu anayefumba macho kwa ndani. Ndiyo maana ukiulizwa swali gumu hujikuta umetazama juu au umekodolea ukuta. Wazo dhaifu linalochipuka linahitaji kelele za nje zipungue kidogo ili lisikike. Simu inayowaka kila dakika chache hainyimi mtu muda tu, inamnyima kitambo hicho.

Dhana chache nizisahihishe kwa haraka. Si lazima ukimya uwe mkavu: mwaka 2012 Ravi Mehta na wenzake waliona watu wakitoa mawazo bora kidogo penye sauti ya desibeli 70, kiasi cha mahali penye watu wakizungumza, kuliko penye desibeli 50, na wakiharibikiwa kwenye 85. Kwa anayetunga maneno naongeza tahadhari yangu: sauti ya jumla haina shida, mazungumzo unayoyaelewa yatakuibia maneno. Wala si lazima uitoe akili kila kitu ili iwe tupu. Akili tupu haitungi. Na usingizi usiuone kama uvivu. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba waliopitia walau sekunde 15 za usingizi mwepesi kabisa waligundua kanuni iliyofichwa katika hesabu kwa asilimia 83, dhidi ya asilimia 30 ya waliobaki macho. Waliozama kwenye usingizi mzito waliikosa faida hiyo.

Umeniuliza kama urudi kwenye pilikapilika. Nizipime njia zako kwa haki. Kurudi kama ulivyokuwa kuna faida yake: unaijua njia hiyo na nyimbo zilitoka. Gharama yake ni kwamba inategemea nyufa ambazo huzilindi, na kadiri simu inavyozidi kujaza kila dakika ya kusubiri, nyufa hizo zinazibika. Kujitenga tena ni jambo jema kwa mtu anayekwenda na kazi nzito ya kufanya, saa maalumu za kuketi nayo, na shughuli za mikono za kumjaza saa zilizobaki. Kwako sasa nisingekushauri, si kabla ya hayo madeni na ugomvi kupata mahali pa kukaa. Njia ninayokupendekezea ni ya katikati, na haina mvuto wa kusimulia: vituo vidogo vya utulivu ndani ya siku zako za kawaida.

Anza na yanayokutia hofu, kabla ya wimbo. Chukua karatasi, andika kila deni: la nani, kiasi gani, hatua yangu inayofuata ni ipi na siku gani. Kuhusu ndugu yako pia andika hatua moja, hata kama ni "nitampigia Jumapili" au "sitafanya lolote mwezi huu". E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huacha kuvamia mawazo mtu anapoliwekea mpango mahususi, hata kabla hajalitekeleza. Huwezi kulipa deni kwa nusu saa, lakini unaweza kuliondoa mezani pa kutungia.

Kisha ufanyie ubeti wa 3 kazi ngumu. Uimbe wimbo tangu mwanzo hadi pale unapokatika. Nani anasema katika ubeti wa 1? Katika wa 2 amejua nini asichokijua mwanzo? Andika mianzo kadhaa mibaya ya ubeti wa 3, mibaya kweli, bila kufuta. Andika kwa sentensi moja kinachokukwamisha: "sijui kama amsamehe au aondoke". Mara nyingi mtunzi aliyekwama anadhani amekosa maneno kumbe hajaamua jambo. Simama ukiwa bado na hamu, usingoje mpaka uuchukie wimbo.

Kisha shika kazi nyepesi ya mikono au utembee, nusu saa hivi, simu ikiwa chumba kingine. Usiuwinde ubeti. Mwili ukiwa umekaza, pumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mara 6 hivi kwa dakika; mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapotoa pumzi, na mwili huanza kushusha tahadhari. Kama kufuatilia pumzi kunakuzidishia hofu, na kwa wengine ni hivyo, acha, fumbua macho, tembea. Weka karatasi mahali pa kufikika. Wazo likija liandike kama lilivyo, hukumu yake ni ya kesho. Siku nyingine halitakuja kitu. Siku hizo nazo ni za kuatamia.

Tarehe ya kukabidhi kazi iache ibaki. Iweke mwishoni, kwenye kukamilisha, mahali ilipokufaa siku zote.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatosha. Kama kwa wiki 2 au zaidi umekuwa na huzuni au utupu karibu kila siku, hufurahii hata nyimbo za wengine, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, huo si ukame wa mtunzi. Nenda ukaonane na daktari au mwanasaikolojia ana kwa ana. Vipimo vya damu navyo vina nafasi yake, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kumwacha mtu bila nguvu na bila fikra. Kama ule ugomvi hukurudia kama picha inayotokea upya, na moyo unadunda kana kwamba uko palepale, usijilazimishe kukaa peke yako na ukimya. Lishughulikie pamoja na mtaalamu. Kama mawazo ya kujidhuru yamekupitia, usisubiri miadi: mwambie mtu unayemwamini leo, mwende naye kwenye huduma za dharura. Na hata upande wa pili wa shilingi, ukijikuta siku kadhaa mfululizo mawazo yanamiminika, hulali na wala huchoki, unatumia pesa ovyo na watu wanashindwa kukufuata unapoongea, hilo nalo ni la hospitali, hata kama nyimbo zinatoka kwa wingi.

Ukifika kwa daktari, mweleze hali hii ilianza lini, unalala saa ngapi, na kama bado upo wimbo wa mtu mwingine unaokusisimua ukiusikia. Jibu la hilo la mwisho litamsaidia kutofautisha mtunzi aliyechoka na mtu anayeugua sonona.